Kujitunza Bila Kujipima Haiwezekani: Kazi ya Wahudumu wa Kujitolea na Vikundi vya Jamii kwa Wagonjwa wa Kisukari, Zoni ya Afya ya Kabondo-Dianda



Mada niliyopewa ni pana. Waandaaji wa semina hii wameniomba nieleze kisukari ni nini, niseme wahudumu wa kujitolea ni akina nani, kisha nitoe mapendekezo. Nitafuata utaratibu huo, ila sehemu ya kwanza nitaipita mbio kwa sababu hakuna aliyeketi humu asiyeijua. Nafasi kubwa nitaitoa kwa jambo moja ambalo nimelipigania kwa miaka na ambalo hadi leo halijapata mwenyewe: kipimo cha sukari kilicho karibu na mgonjwa, kinachofanya kazi, na kinachoeleweka.

1. Maneno tunayoyajua

Kisukari ni hali ya sukari kuzidi katika damu kwa kuwa kongosho halitoi insulini ya kutosha, au mwili hauitumii ipasavyo. Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana, na hao bila insulini hawaishi. Aina ya pili ndiyo ya wengi. Huja polepole, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila habari. Ipo pia ile ya wakati wa mimba. Viwango vya Shirika la Afya Duniani vimebandikwa ukutani katika vituo vingi: sukari ya asubuhi kabla ya kula ikifika 126 mg/dl, au ya saa yoyote ikifika 200 mg/dl na dalili zipo, huo ni ugonjwa. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuandikwa kwenye daftari.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima 537 milioni duniani wanaishi na ugonjwa huu, 24 milioni kati yao wakiwa katika kanda ya Afrika, na kwamba zaidi ya nusu ya hao wa Afrika hawajapimwa wakajua. Takwimu hizi hufungua kila mada ya kisukari. Nami nimezisema, tuendelee.

Kuhusu kujitunza, sentensi chache zinatosha. Mgonjwa huonana na muuguzi labda mara moja kwa mwezi, kwa dakika chache. Siku zilizobaki ni yeye peke yake anayeamua ukubwa wa tonge la bukari, kama atameza kidonge au atakibakiza kwa ajili ya kesho, kama ataangalia nyayo zake kabla ya kulala, kama atafunga siku tatu kwa maombi kanisani kama jirani zake. Muuguzi anatibu kwa dakika hizo chache. Mwezi mzima anayetibu ni mgonjwa mwenyewe pamoja na watu wanaomzunguka. Hao wanaomzunguka ndio mada yetu.

2. Wanaojitolea ni akina nani

Hapa kwetu tunao RECO, wahudumu wa afya wa kujitolea waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Tunayo CODESA, kamati ya maendeleo, katika kila eneo la afya. Yapo makanisa, kuanzia Wakatoliki na Wamethodisti hadi Wapentekoste, pamoja na vikundi vya mama na vya vijana vilivyomo ndani yake. Zipo likelemba za kuchangiana fedha kwa zamu, na vyama vya AVEC vya kuweka na kukopeshana. Na sasa, hapa na pale, wagonjwa wa sukari wameanza kukutana wenyewe baada ya kliniki, chini ya mwembe, kuulizana nani amepata dawa wapi na kwa bei gani. Kikundi cha namna hiyo hakina katiba wala mhuri, lakini kwangu mimi ndicho chenye nguvu kuliko vyote.

Nasema hivyo kwa sababu nchi yetu ya Kongo imeshaliona jambo hili kwa maradhi mengine. Waliopona kifua kikuu walianzisha Club des Amis Damien, wakawa wanawatafuta wanaokohoa na kuwasindikiza wanaomeza dawa. Kinshasa, kuanzia 2010, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua vituo vya PODI, ambako watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi huchukua dawa zao kutoka kwa wenzao wa mtandao wa RNOAC badala ya kupanga foleni hospitali. Mgonjwa aliyetulia hukutana na mwenzake aliyefundishwa, hupimwa uzito, huulizwa maswali machache, hupewa dawa za miezi kadhaa, na kurudi nyumbani. Daktari humwona mara chache tu kwa mwaka. Kama hilo limewezekana kwa Ukimwi, ugonjwa uliozungukwa na aibu na minong'ono, sioni sababu lishindikane kwa kisukari, ambacho mtu hukitaja hadharani bila kuinamisha kichwa.

Kwa kisukari chenyewe, mfano ninaourejea mara kwa mara ni wa Kambodia. Chama cha MoPoTsyo kilianzia katika mitaa ya maskini ya Phnom Penh katikati ya miaka ya 2000. Waelimishaji wake ni wagonjwa wa kisukari wenyewe, waliofundishwa, wakapewa vifaa, wakawekewa mpaka wa wanachoruhusiwa kufanya. Nyumba ya mwelimishaji ndiyo mahali pa kukutana. Dawa hupatikana kwa mfuko unaojizungusha, ambapo fedha ya dawa iliyouzwa hununua dawa nyingine. Zingatieni pia kwamba waelimishaji hao waliwafundisha wagonjwa kupima sukari kwenye mkojo, kwa kijiti cha bei ndogo, kila mmoja kwake. Nitalirudia hilo baadaye.

Mradi wa TEXT4DSM ulijaribu kitu kingine katika nchi tatu: Kambodia, Ufilipino, na kwetu Kongo, upande wa Kinshasa. Wagonjwa ambao tayari walikuwa katika mipango ya elimu ya kujitunza waliongezewa ujumbe mfupi wa simu wa kuwakumbusha na kuwapa moyo. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2017 yalionyesha kwamba ujumbe huo haukuongeza idadi ya waliodhibiti sukari yao. Nawaomba wenzangu wanaopenda miradi ya simu walisome jambo hili kwa utulivu. Simu haina kosa, ila ujumbe wa simu hauwezi kumwambia mtu sukari yake leo ni ngapi.

3. Wanayoyaweza tayari, bila kusubiri mtu

Kabla sijaingia kwenye kipimo, nitaje kazi ambazo RECO au mwanakikundi anaweza kuzifanya wiki hii hii.

Ya kwanza ni miguu. Mgonjwa aliyepoteza hisia nyayoni hukanyaga kaa la moto asijue, hupata funza asijue. Dar es Salaam, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 juu ya wagonjwa walioumwa na panya vidoleni usiku wakiwa wamelala, wakaamka asubuhi na kidonda. Nyumba zetu zenye magunia ya mahindi chumbani hazina tofauti. Lipo jaribio lililotungwa Ipswich, Uingereza, lisilohitaji kifaa chochote: mgonjwa anafumba macho, unamgusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, kwenye dole gumba, kidole cha kati na kidole kidogo cha kila mguu. Usibonyeze, usisugue. Akishindwa kusikia mguso mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, miguu yake iko hatarini na lazima ionwe na muuguzi. RECO yeyote anajifunza hili kwa nusu saa.

Ya pili ni sukari kushuka. Anayemeza glibenklamidi au kudunga insulini, akichelewa kula, akatetemeka, akatoka jasho la baridi, akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, jirani asidhani ni mapepo wala asidhani amekunywa lutuku. Apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, asubiriwe dakika kumi na tano, kisha ale chakula. Aliyezimia asitiwe kitu mdomoni, akimbizwe hospitali. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasiwekwe kwenye glibenklamidi ikiwa kuna njia nyingine, maana kwao dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na kushusha sukari usiku.

Ya tatu ni kufunga. Hapa nawaomba wachungaji waliomo humu wanisikilize kama ndugu. Hakuna anayepinga maombi. Lakini mgonjwa wa insulini anayefunga kavu siku tatu anaweza kufa kwa njia mbili: akidunga bila kula sukari itashuka mno, akiacha kudunga itapanda mno. Mchungaji akitangaza mfungo, aseme papo hapo kwamba mgonjwa wa sukari ataomba pamoja na wenzake huku akila. Neno hilo likitoka mimbarini lina uzito kuliko mafunzo yangu yote.

Kuhusu chakula nitasema kidogo tu. Bukari hatutaiacha, na anayemwambia mgonjwa wa Kabondo aiache hajasema kitu. Tonge lipungue, sombe na samaki viongezeke, munkoyo wenye sukari uachwe, na mtu asikae njaa mchana kutwa akaja kula mlo mmoja mkubwa usiku.

4. Kipimo

Sasa nifike kwenye lile lililonileta.

Tunamwambia mgonjwa ajitunze. Tunamwambia apunguze hiki, aongeze kile, ameze kidonge saa fulani. Yeye atajuaje kwamba alichofanya kimesaidia? Kisukari hakiumi kama jino. Mtu mwenye sukari ya 280 anaweza kulima siku nzima akajiona mzima. Asipopimwa, anaongozwa na hisia, na hisia humwambia aache dawa kwa kuwa amepata nafuu. Hivyo ndivyo wagonjwa wetu wanavyopotea kwenye daftari, wakarudi baada ya mwaka wakiwa na kidonda cha mguu au macho yaliyofifia.

Kikwazo cha kwanza si kukosa mashine, ni mashine zisizopatana. Glukometa zimekuja, na zinaendelea kuja. Kila 14 Novemba, siku ya kisukari duniani, panapatikana mfadhili, mbunge au shirika la kuleta glukometa na maboksi machache ya bandeleti, vile vijiti vya kuwekea tone la damu. Watu wanapimwa, picha zinapigwa, mgeni anaondoka. Bandeleti zinakwisha baada ya wiki chache. Mashine inabaki kabatini, kwa sababu kila aina ya glukometa inakubali bandeleti za kwake tu, na zile za aina hiyo hazipatikani Kabondo, wala Kamina, na wakati mwingine hata Lubumbashi hazipo. Mwaka unaofuata anakuja mfadhili mwingine na aina nyingine. Mashine hutolewa bure; gharama yote iko kwenye bandeleti, na gharama hiyo anaachiwa mgonjwa.

Katika kituo kimoja cha afya nilifungua kabati nikakuta glukometa nne za aina nne. Mbili zilikuwa hazina betri. Pembeni palikuwa na kopo la bandeleti lisiloendana na hata moja kati ya hizo nne. Muuguzi mkuu alikuwa ameandika tarehe ya kupokea kila moja kwa karatasi iliyogundishwa mgongoni, kwa mwandiko mzuri, kama inavyotakiwa. Alitimiza wajibu wake wote, na bado hakuweza kumpima mtu hata mmoja siku ile.

Baya kuliko mashine isiyopima ni mashine inayopima kwa lugha nyingine. Glukometa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi kama Uingereza huonyesha mmol/l, nasi tumezoea mg/dl. Moja ya kwanza ni kama 18 ya pili. Niliona daftari la mama mmoja anayemeza vidonge. Mstari wa kwanza 6,1. Wa pili 132. Wa tatu 7,4. Wa nne 118. Alikuwa amepimwa na mashine mbili tofauti, kliniki na kanisani, na hakuna aliyemwambia kitu. Yeye alielewa kwamba sukari yake inaruka kama kichaa. Siku ya 6 aliacha vidonge akiogopa kuzimia. Siku ya 132 alijinyima chakula. Geuzeni namba zake muone: 6,1 ni 110, na 7,4 ni 133. Mama yule alikuwa anaendelea vizuri miezi yote minne. Alikuwa mgonjwa mtiifu kabisa, na sisi, kwa vifaa vyetu visivyopatana, tulikuwa tunamfundisha kuacha dawa.

Ndiyo maana nasema, na nimesema katika kila kikao nilichopewa nafasi: zoni moja, aina moja ya glukometa, kipimo kimoja cha mg/dl. Anayetaka kutusaidia alete bandeleti za aina hiyo, au alete fedha. Najua si rahisi kumwambia mfadhili kwamba zawadi yake haitufai. Nimejibiwa zaidi ya mara moja kwamba msaada haukataliwi. Nami naheshimu aliyenijibu, kwa kuwa ana majukumu nisiyoyabeba mimi. Lakini dawa ya malaria tunaikataa ikiwa si ile iliyoko kwenye mwongozo wa taifa. Kwa nini kipimo cha sukari kisiwe na mwongozo?

Kikwazo cha pili ni swali la nani aruhusiwe kupima. Nimeambiwa kwamba kumtoboa mtu kidole ni kazi ya muuguzi. Wenzangu, katika vijiji vilivyo mbali na kituo tunao RECO wa site za huduma za kijijini ambao kwa miaka mingi wanatoboa vidole vya watoto kupima malaria kwa kipimo cha haraka cha TDR, wanasoma jibu, na wanatoa dawa. Wizara iliruhusu kwa sababu mtoto angekufa njiani. RECO anayeaminiwa kutoboa kidole cha mtoto wa miezi minane anashindwaje kuaminiwa kutoboa kidole cha baba yake? Mpaka uwekwe wazi: RECO anapima, anaandika, anamtuma kituoni anayezidi au anayepungua kiwango. Habadilishi dawa. Hilo likiandikwa na kutiwa sahihi na zoni, hofu ya wauguzi itaisha, na RECO naye atakuwa na kinga.

Kikwazo cha tatu ni hesabu, na hapo ndipo vikundi vinapoingia. Mgonjwa mmoja akinunua kopo la bandeleti 50, analinunua kwa shida, analitumia kwa ubahili, na kopo likishafunguliwa bandeleti za aina nyingi huharibika baada ya miezi mitatu hadi sita. Joto na unyevu wa masika yetu huzimaliza mapema zaidi. Nusu ya fedha yake inatupwa. Sasa tuchukue kikundi chenye watu 20 wanaomeza vidonge na 3 wanaodunga insulini. Hao 20 hawahitaji kujipima kila siku. Mara moja kwa mwezi, asubuhi kabla ya kula, siku ya mkutano, inatosha kuonyesha mwelekeo. Hizo ni bandeleti 20. Hao 3 wa insulini wapime walau mara mbili kwa wiki, saa zikibadilishwa: bandeleti 26 hivi kwa mwezi. Jumla 46. Zinabaki 4 za dharura, kwa yule atakayetetemeka usiku. Kopo moja kwa mwezi, watu 23, hakuna kinachooza. Bei ya kopo ikigawanywa kwa likelemba ya wiki nne, mchango wa kila mtu unakuwa mdogo kuliko bei ya kopo la soda kwa wiki, na aliyekwama mwezi huu anabebwa na wenzake.

Najua kwa mgonjwa wa insulini mara mbili kwa wiki ni kidogo. Mwongozo wowote mzuri unataka zaidi, na kikundi kikipata nguvu kianze kwa kuwaongezea hao. Lakini mara mbili za uhakika ni bora kuliko mara nne kwa siku kwa wiki moja, kisha kimya hadi Novemba.

Kushirikiana mashine kuna sharti moja lisilo na mjadala: sindano ya kutobolea haishirikiwi kamwe, wala ile kalamu yake, hata baina ya mume na mke. Homa ya ini ya B hupita kwa damu isiyoonekana kwa macho, na katika nchi nyingine imewahi kusambaa katika nyumba za wazee kwa njia hiyo hiyo. Kila mtu sindano yake, na iliyotumika iingie kwenye chupa ngumu yenye kifuniko, kisha kituoni.

Na kipimo kizuri kinahitaji mkono safi. Msimu wa maembe nimeona mtu akipatikana na 310, akanawa kwa maji na sabuni, akafuta, akapimwa tena kidole kingine: 142. Sukari ilikuwa ya embe, juu ya ngozi. Spiriti peke yake haitoshi kuondoa utomvu. Maji na sabuni kwanza. Kitu kingine tusichokisema vya kutosha ni upungufu wa damu. Mtu mwenye damu kidogo, kwa malaria, kwa minyoo au kwa siko seli, glukometa nyingi humwonyesha sukari ya juu kuliko ilivyo. Katika eneo letu hao ni wengi. RECO akiona kope nyeupe aandike pembeni ya namba, ili muuguzi asikimbilie kuongeza dawa.

Nilisema nitarudi kwenye mkojo. Kijiti cha mkojo hakiwezi kuonyesha sukari iliyoshuka, na hakifai kwa anayedunga insulini. Kwa mgonjwa wa vidonge aliye kijijini mbali kinatosha kumwambia jambo moja la maana: sukari yako imepita kiwango ambacho figo zinaweza kuzuia, yaani kama 180 mg/dl. Vijiti hivyo tunavyo katika kliniki za wajawazito na tunavitumia kila siku. Nimeshangaa jinsi wataalamu wanavyokunja uso nikivitaja, kana kwamba ni kurudi nyuma. Kambodia walivitumia wakijua wanachofanya.

Kuhusu insulini nitasema kwa kifupi, ingawa ingestahili semina yake. Friji ya PEV, programu ya chanjo, mara nyingi ndiyo friji pekee ya kuaminika katika eneo la afya, na wauguzi wengi wamefundishwa kwamba ni ya chanjo tu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa tamko la pamoja la kuhimiza dawa nyingine zinazohitaji baridi zihifadhiwe humo palipo na nafasi na usalama. Tulifanyie kazi. Kwa chupa iliyoanza kutumika nyumbani, utafiti uliotolewa mwaka 2021 na Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva, kwa kufuata joto halisi la kambi ya Dagahaley huko Dadaab, Kenya, ulionyesha kwamba insulini ilibaki na nguvu kwa wiki nne katika joto la kati ya 25 na 37. Chungu cha udongo ndani ya chungu kingine, na mchanga uliolowa katikati, kinaweza kulishusha joto hilo zaidi. Mama zetu wanafinyanga vyungu hivyo. Mtoto wa insulini asilazimishwe kulala kituoni kwa sababu ya friji.

5. Jasho la wanaojitolea

RECO huyu mmoja tunamtaka kwa chanjo, kwa vyandarua, kwa kipindupindu. Kampeni za polio zilizofuata mlipuko wa 2017 katika jimbo letu zilimpa posho ya kila siku, fulana na kofia. Kisukari hakina mradi, kwa hiyo hakina posho. Siku kampeni ikiangukia siku ya mkutano wa kikundi cha kisukari, tunajua atakwenda wapi, na simlaumu. Ana watoto.

Siombi RECO walipwe mshahara. Najua jibu nitakalopewa. Naomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wa zoni: matibabu bila malipo ya konsultesheni kwa RECO na familia yake, baiskeli kwa anayehudumia vijiji vitatu au zaidi, na ratiba ya kampeni itolewe mapema ili siku za vikundi zisifutwe. Zaidi ya hayo, kazi ya kisukari isibebeshwe RECO peke yake. Mgonjwa aliyefundishwa ana sababu ya kuja hata pasipo posho, kwa sababu ni mwili wake mwenyewe anaoutunza.

6. Mapendekezo

Kwa Ofisi Kuu ya Zoni: ichaguliwe aina moja ya glukometa kwa zoni nzima, baada ya kuuliza ni bandeleti gani zinazopatikana kwa uhakika Lubumbashi na zinazoweza kufika kwa treni ya SNCC au kwa lori. Mashine zote zionyeshe mg/dl. Zile za mmol/l ziondolewe vituoni, zisibaki hata kama akiba, maana mashine iliyo kabatini siku moja hutumika. Itolewe barua moja, ya ukurasa mmoja, inayomruhusu RECO na mwelimishaji mgonjwa kupima sukari na inayosema wazi kwamba habadilishi dawa. Friji ya PEV iruhusiwe kuhifadhi insulini palipo na nafasi.

Kwa Divisheni ya Afya ya Jimbo na Programu ya Taifa ya Kisukari: bandeleti, sindano za kutobolea na vijiti vya mkojo viingizwe kwenye orodha ya kuagiza pamoja na metformini, isiwe dawa inafika na kipimo hakifiki. Watoto wa insulini waandikishwe majina na waunganishwe na mipango iliyopo nchini kwa ajili yao, kama ule wa Changing Diabetes in Children. Kisukari kiwe na mstari wake katika ripoti ya kila mwezi ya RECO. Kisichohesabiwa hakipewi kitu.

Kwa wafadhili, wakiwemo ndugu zetu wanasiasa: tunawashukuru, na tunawaomba waulize kwanza. Bandeleti za aina iliyochaguliwa, miezi kumi na miwili mfululizo, ni bora kuliko mashine mia moja za siku moja.

Kwa wauguzi wakuu: siku ya kliniki ya kisukari iwe siku ya mkutano wa kikundi, ili mgonjwa asifunge safari mbili. Daftari la mgonjwa lionyeshe tarehe, saa, kama amekula, namba na kipimo chake. Msimfokee aliyekuja na namba mbaya, la sivyo mwezi ujao atakuja na namba ya uongo.

Kwa vikundi: anzeni na kopo moja. Mweka hazina awe mtu ambaye tayari ameaminiwa na likelemba. Kila mtu sindano yake. Narudia, kila mtu sindano yake. Maji na sabuni viwepo kabla ya mashine kutolewa mfukoni. Mwenye mguu uliopoteza hisia akaguliwe kila mkutano.

Kwa wachungaji na mapadri: mfungo ukitangazwa, isemwe kwa upole kwamba mgonjwa wa sukari hafungi.

Kwa CODESA: mtuulize. Kila robo mwaka CODESA iulize zoni bandeleti zimebaki ngapi, kama mnavyouliza dawa za malaria. Swali hilo likiulizwa hadharani, na mtu akalazimika kulijibu, mambo yatakwenda.

Ombi langu la mwisho ni kwa meza kuu. Maazimio ya semina nyingi huandikwa bila jina la mtu wala tarehe. Azimio la aina moja ya glukometa lipewe mtu na tarehe leo, kabla ya watu kutawanyika, na nakala yake iende kwa kila kituo pamoja na ripoti ya mwezi huu.